Sheikh Rashid Rida na Masharti ya Gazeti Lake

Katika maulamaa waliosomwa sana mwambaoni kwetu ilhali wao wenyewe hawakuukanyaga mwambao huu, Sayyid Muhammad Rashid Rida, mwenye Al-Manar, ni mmoja wa wa mbele. Wako waliompenda, na wako wasiotaka hata kulisikia jina lake. Ugomvi huo sitauingia leo. Umekwisha andikwa sana, na wenye kuuandika bado wapo. Mimi nataka kumweleza kwa upande ambao husahauliwa, nao ni upande wa kazi yake ya kila siku. Kwa muda wa miaka 37 bwana huyu alikuwa mtu wa gazeti. Aliandika, alihariri makala ya wenziwe, alifungua barua, alidai pesa na alidaiwa. Na kabla hata ya karatasi ya kwanza kupigwa chapa, alikuwa amekwisha wekewa masharti. Namna alivyoyashika masharti hayo, na pale yalipomponyoka, ndiyo habari yangu.

Alizaliwa mwezi wa Septemba 1865, sawa na Jumada 'l-Ula 1282, katika kijiji cha Qalamun, kando ya bahari karibu na Tarabulus ya Sham, ambayo si ile Tarabulus ya Libya. Siku hizo Sham yote ilikuwa chini ya Waturuki. Leo Qalamun iko ndani ya Lebanon. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya masharifu. Alipokwisha chuoni alikwenda mjini Tarabulus kusoma kwa Sheikh Husayn al-Jisr, mwanachuoni aliyependa wanafunzi wasome dini pamoja na hesabu na elimu nyingine za wakati wao, na ambaye mwenyewe alikuwa akiandika katika gazeti la mji. Bila shaka huko ndiko kijana alikozoea harufu ya wino wa chapa.

Lakini kilichomgeuza moyo ni karatasi kuukuu. Siku moja, akipekua makaratasi ya baba yake, aliona nakala za Al-Urwa al-Wuthqa, gazeti lililotolewa Paris mwaka 1884 na Sayyid Jamal al-Din al-Afghani na Sheikh Muhammad Abduh. Gazeti hilo lilitoka mara 18 tu, na Waingereza walilipiga marufuku Misri na India. Lilikuwa limekwisha kufa miaka mingi Rashid alipolishika mkononi. Alilisoma, akatafuta nakala nyingine kwa mwalimu wake, akakaa kuzinakili kwa mkono. Hebu fikiri: gazeti ambalo halikufikisha mwaka, lililofukuzwa huku na huku, linakaa sandukuni, kisha linamwamsha mtu asiyejulikana na waliolitoa. Nadhani tangu siku ile aliamini kwamba maandishi ya gazeti yana umri mrefu kuliko wino wake, na imani hiyo ndiyo iliyomfanya baadaye awe mkali juu ya kila kilichoingia katika kurasa zake.

Nyumbani hakuweza kufungua gazeti la namna hiyo. Chini ya Sultani Abdul Hamid kila gazeti lilipita mbele ya mkaguzi wa serikali kabla ya kupigwa chapa, naye akifuta alichotaka. Misri ilikuwa na hali nyingine. Waingereza walikuwa wameikalia tangu 1882, na ile sheria ya magazeti ya mwaka 1881, iliyompa waziri nguvu ya kuonya na kufunga gazeti, iliachwa ilale tangu 1894. Mwenye pesa kidogo na ulimi aliweza kutoa gazeti. Mambo ya dunia haya: walewale walioizuia Al-Urwa al-Wuthqa isiingie Misri ndio ambao chini yao mtoto wa Al-Urwa alipata pumzi.

Basi mwishoni mwa 1897 akapanda meli. Pamoja naye alisafiri kijana mwingine wa Tarabulus, Mkristo, rafiki yake, jina lake Farah Antun, naye akienda Misri kwa kazi iyo hiyo ya kalamu. Jina hili msomaji aliweke akilini.

Alipofika Cairo mwanzo wa 1898 alikwenda moja kwa moja kwa Sheikh Muhammad Abduh na kumweleza nia yake. Sheikh hakurukia. Yeye mwenyewe alikuwa amehariri gazeti la serikali ya Misri mwaka 1880, kisha akahamishwa nchi baada ya vita vya Urabi Pasha, kisha akaandika Paris, kwa hivyo alijua kazi hii inavyomla mtu. Alimwuliza kwanza habari ya pesa, na Rashid akajibu kwamba yuko tayari kula hasara mwaka mmoja au miwili. Ndipo Sheikh akampa masharti matatu. La kwanza, gazeti lisiwe la chama chochote. La pili, lisijibizane na magazeti mengine yatakayolitukana. La tatu, lisiwe mtumishi wa fikira za mkubwa yeyote. Rashid akakubali. Akamwonyesha majina kadha aliyoyafikiria, na Sheikh akachagua Al-Manar, yaani mnara wa taa. Nakala ya kwanza ilitoka Shawwal 1315, yaani Machi 1898, kurasa nane, mara moja kwa wiki.

Zilipigwa chapa nakala 1,500, na nyingi zilirudi. Zile zilizopelekwa Sham serikali ya Waturuki ilizizuia, na jamaa zake waliobaki Qalamun wakapata taabu kwa sababu yake. Dola za Ulaya zilikuwa na posta zao wenyewe katika miji ya Waturuki, na magazeti yaliyokatazwa yalizoea kupita humo, lakini hiyo si njia ya kumpa mtu riziki. Kwa miaka mitatu minne ya mwanzo waliojiandikisha kulinunua hawakuzidi sana 300. Baada ya mwaka wa kwanza aliligeuza kutoka gazeti la wiki likawa jarida, na baadaye likawa la mwezi kwa mwezi. Kisha upepo ukageuka. Kufikia mwaka wa 12 nakala za mwanzo, zile zilizokuwa zikirudishwa, watu walizitafuta kwa bei mara nne ya ile ya kwanza.

Pesa zilimsumbua mpaka mwisho. Mara kwa mara aliwakumbusha wasomaji wake wanaopokea jarida na wasilipe kwamba wanakula haki ya mtu, na kwamba deni la gazeti ni deni kama la dukani. Kuna watu waliomcheka kwa hilo, wakiona si heshima kwa mwanachuoni kudai. Mimi sioni hivyo. Mhariri asiyelipwa na wasomaji wake hutafuta wa kumlipa, na anayelipa zumari, jamani, sote twajua nani huchagua ngoma.

Sasa nije kwenye yale anayostahili kusomwa kwayo na kila mwenye gazeti, Mwislamu au asiyekuwa Mwislamu.

La kwanza ni amana ya maneno ya mtu. Kuanzia 1899 Sheikh Abduh alikuwa akisomesha tafsiri ya Kurani katika Al-Azhar, na Rashid akikaa kuandika aliyoyasikia. Alipoanza kuyachapisha katika Al-Manar, alikuwa akimpelekea Sheikh kwanza ayasome. Na katika maandishi yenyewe aliweka alama: hapa asema Sheikh, hapa nasema mimi. Sheikh Abduh alipokufa Julai 1905, walikuwa wamefika katikati ya Suratu 'n-Nisaa. Rashid akaendelea peke yake kwa miaka 30 mpaka ndani ya Surat Yusuf, na msomaji hakudanganywa ni wapi sauti ya mwalimu imekatika na ya mwanafunzi imeanza. Ingalikuwa rahisi sana kuendelea kuzungumza kwa kinywa cha maiti. Sheikh alikuwa Mufti wa Misri, jina lake lilikuwa na uzito kuliko la mhamiaji wa Sham, na hakuna ambaye angaliweza kuthibitisha kwamba neno fulani hakulisema darasani. Wanaoandika vitabu vya dini mwambaoni na kuweka jina la mwalimu mkubwa juu ya maneno yao wenyewe, nawaombea watazame mfano huu.

La pili ni mlango wa maswali. Mwaka 1903 alifungua katika jarida mlango wa fatwa, na juu yake akawa akichapisha masharti. Mlango ni wa walionunua jarida, kwa kuwa hauwezi kuwatosha watu wote, ingawa pengine humjibu asiyenunua ikiwa jambo lake lina haja. Mwulizaji lazima aeleze jina lake, lakabu yake, mji wake na kazi yake. Akitaka, jina lake lisichapishwe, ziwekwe herufi tu. Maswali hujibiwa kwa zamu, ila likiwa moja lina haraka kwa watu hutangulizwa. Na ambaye swali lake limekaa miezi miwili au mitatu bila jibu anaruhusiwa kukumbusha mara moja.

Tazama hekima iliyomo. Mhariri anamjua mwulizaji, lakini umma haumjui. Mtu mwenye shida ya nikaha au ya riba hafedheheki mbele ya jirani zake, na papo hapo mhariri hakubali barua ya mtu asiye na jina, kwa sababu barua isiyo na mwenyewe mara nyingi ni fitina iliyovaa kanzu ya swali. Na kwa nini aulize kazi ya mtu? Kwa kuwa jibu la mfanyabiashara wa bandarini huenda lisiwe jibu la mkulima. Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya hapa Kenya ilipopitishwa mwaka 2013 iliambatishwa na kanuni za maadili, na humo mlikuwa na mambo ya kusahihisha kosa, ya kumpa mtu nafasi ya kujibu, na ya watoa habari wasiotajwa majina. Ni mambo mazuri. Ila mwenye kudhani yametoka Ulaya peke yake hakuyaona masharti ya mlango ule wa Al-Manar.

Maswali yalitoka kila upande, mpaka visiwa vya Java na Borneo. Mwaka 1930 liliingia moja kutoka Sambas, kisiwa cha Borneo, likiuliza kwa nini Waislamu wamebaki nyuma na wengine wametangulia. Mwulizaji alitaka lijibiwe na Amir Shakib Arslan, aliyekuwa akiishi Uswisi. Mhariri mwenye kujipenda angalilijibu mwenyewe, maana hakukosa la kusema. Yeye alilipeleka kwa Arslan, naye akaandika jibu refu lililochapishwa katika jarida na likawa kitabu kinachosomwa hadi leo.

La tatu ndilo zito, na hapa watu hawatakubaliana nami wote. Mwaka 1906 daktari mmoja wa Misri, Muhammad Tawfiq Sidqi, aliyefanya kazi katika gereza la Tura, aliandika makala akidai kwamba Uislamu ni Kurani peke yake, na kwamba Suna ilikuwa ya watu wa zama za Mtume, rehema na amani zimshukie. Rashid Rida hakuwa na itikadi hiyo. Aliichapisha makala, na papo hapo akawaita maulamaa wa Al-Azhar na wengineo wajibu. Sheikh Taha al-Bishri akajibu, na baadaye kutoka Hyderabad, India, akajibu Sheikh Salih al-Yafi'i. Majibu yalichapishwa palepale, katika jarida lile lile, kwa urefu wake. Mwisho daktari alirudi nyuma na kukiri katika kurasa zizo hizo kwamba alikosea.

Je, alifanya haki? Wako walioona kwamba mhariri Mwislamu hana ruhusa kulipa neno kama lile mlango wa kuingia majumbani mwa watu. Hoja yao naiheshimu, kwa sababu moja hasa: jarida halifiki kwa watu kama khutba ifikavyo kwa walio msikitini, wote kwa wakati mmoja. Hufika kwa meli, hupita mkono kwa mkono, na yuko atakayepata nakala ya shaka na asiipate ile ya jibu. Hata hivyo mimi nampa haki yeye. Fikira ile ilikuwa tayari katika vinywa vya wasomi. Kuizuia isichapishwe kusingaliiua, na Sidqi angalibaki na kiburi cha mtu aliyenyimwa nafasi. Alipewa nafasi, akapewa majibu, akarudi. Angalifungiwa mlango, angalirudi wapi?

Na kila mwaka alikuwa akiwataka wasomaji wamwandikie makosa yake mwenyewe waliyoyaona katika jarida, akiahidi kuyachapisha mradi mwandishi ashike adabu na asitoke nje ya jambo. Aliyachapisha kweli. Lakini nisimsifu kupita kiasi, maana mara nyingi chini ya kila kosa aliongeza jibu lake, tena refu kuliko kosa. Mwenye gazeti siku zote ndiye wa mwisho kusema.

Tuyarudie yale masharti matatu ya Sheikh Abduh.

La pili, la kutojibizana, lilikuwa la kwanza kuvunjika, na alivunjiwa na rafiki. Farah Antun alikuwa amefungua jarida lake, Al-Jami'a, mwaka 1899. Mwaka 1902 aliandika juu ya mwanafalsafa Ibn Rushd, akagusa habari ya Uislamu na Ukristo katika kuvumilia elimu. Sheikh Abduh aliona lazima ajibu, na majibu yake yakatoka katika Al-Manar. Rashid naye akaingia kwa kalamu kali. Vijana wawili waliopanda meli moja wakawa hawasemezani. Al-Jami'a ilipoteza wanunuzi, na Antun akaenda zake New York. Aliyeweka sharti ndiye aliyekuwa wa kwanza kulivuka, na mwanafunzi akamfuata imamu wake. Jibu la hoja lilikuwa haki yao. Yale ya kumchoma mtu mwenyewe hayakuwa na haja.

La kwanza, la chama, lilidumu zaidi kidogo. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza alikuwa amekwisha ingia katika chama cha Waarabu waliotaka majimbo yao yapewe madaraka ndani ya dola ya Waturuki, na mwaka 1920 alikuwa rais wa Kongamano la Sham mjini Damascus, mpaka Wafaransa walipoingia na kuvunja kila kitu. Mtu akiwa rais wa kongamano asubuhi, jioni hawezi kuandika habari za kongamano hilo kama mtazamaji.

La tatu, la wakubwa, tangu mwanzo lilikuwa na tundu. Sheikh Abduh mwenyewe hakuwa mkubwa? Al-Manar ilijulikana kuwa ndimi ya Mufti, na Khedivu Abbas, ambaye hakumpenda Mufti, alijua hivyo. Baadaye, Ibn Saud alipoichukua Makka mwaka 1924 na Hijazi yote mwaka uliofuata, Rashid Rida alimtetea kwa nguvu zake zote, na matbaa ya Al-Manar ikapiga chapa vitabu kwa gharama ya mfalme huyo, miongoni mwavyo Al-Mughni cha Ibn Qudama. Mahasimu wakasema amenunuliwa. Kwa nionavyo, imani ilitangulia pesa. Mambo ya makaburi na bid'a alikuwa akiyaandika miaka mingi kabla Ibn Saud hajawa na kitu. Lakini mwenye gazeti huhukumiwa kwa kinachoonekana pia, na msomaji wa Zanzibar au Lamu aliyeona jina la mfalme kwenye jalada la kitabu na sifa za mfalme katika jarida, vyote kutoka matbaa moja, alikuwa na haki ya kuuliza.

Nayo sheria haikulala milele. Mwaka 1909 serikali ya Misri iliiamsha ile ya 1881, na wenye magazeti wakarudi kuhesabu maneno yao.

Hapa kwetu Al-Manar ilimpata msomaji makini kuliko wote, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa 1891. Mwaka 1930 alitoa Sahifa, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Makala ya Sahifa yalikusanywa baadaye katika kitabu cha Uwongozi. Mwaka huohuo wa 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, kazi aliyoifanya mpaka kufa kwake 1947. Al-Islah haikuishi muda mrefu. Kwangu mimi kiti cha hukumu na meza ya mhariri ni vigumu kukaliwa na mtu mmoja, kwani kadhi hungoja mashahidi na gazeti hungoja Jumatatu.

Rashid Rida alikufa tarehe 22 Agosti 1935, ndani ya gari, akirudi Cairo kutoka Suez alikokwenda kumuaga Amir Saud, mwana wa Ibn Saud. Alizikwa Cairo karibu na kaburi la Sheikh Abduh. Aliacha mijeledi ya Al-Manar ipatayo 35, tafsiri isiyokamilika, na madeni. Kwa hivyo wale waliosema amenunuliwa, na wahesabu. Mwaka 1939 Hasan al-Banna alijaribu kulihuisha jarida. Zilitoka nakala sita, na mwaka 1940 likafungwa.